Tusiuchue mguu ulioteguka siku hiyo hiyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na walimu wenzangu wa michezo, makocha wa timu za mchangani na wazazi wa hapa Dodoma kuhusu namna tunavyomhudumia mtoto aliyeumia uwanjani, kwa kuwa tumelizoea kosa hili kiasi cha kutoliona tena.

Mvua zikishakatika, udongo wa viwanja vyetu hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na vishimo vya kwato za ng'ombe waliopita wakati wa matope hubaki vilevile hadi masika mengine. Ndicho kipindi tunachowaandaa wanafunzi kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mwaka juzi binti wa darasa la sita, mchezaji hodari wa mpira wa pete, alirukia mpira akatua kwenye ukingo wa kishimo, mguu wake wa kulia ukapinda kwa ndani. Jua halijazama, kifundo kilikuwa kimevimba hata mfupa wa nje hauonekani. Jioni ile akachuliwa kwa maji ya moto na chumvi, akalia usiku kucha. Baada ya siku 4, mimi mwenyewe nilimfunga bendeji nikamrudisha uwanjani, kwa sababu tulikuwa na mechi ya kata. Alijitonesha kabla robo ya kwanza haijaisha, akakaa nje miezi 3.

Mguu ukipinda namna ile, mara nyingi kinachoumia ni kano za upande wa nje, yaani nyuzi ngumu zinazoufunga mfupa kwa mfupa, ambazo huvutika kupita kiasi au kuchanika. Mishipa midogo ya damu nayo hupasuka, na ndiyo maana mguu huvimba na kupiga weusi. Ukiuchua kwa nguvu saa ile unazidi kuchana kilichochanika, na maji ya moto huongeza uvimbe. Siku 2 au 3 za mwanzo mguu upumzishwe, uinuliwe juu ya mto mgonjwa akiwa amelala, ufungwe bendeji isiyobana hadi vidole vife ganzi, na uwekewe barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Zile barafu wanazouziwa wanafunzi wakati wa mapumziko zinatosha kabisa kwa kazi hiyo, ingawa zinatuliza maumivu tu, hazitibu kano.

Asiyeweza kutembea hatua 4, au anayeruka kwa maumivu ukibonyeza mfupa wenyewe, apelekwe hospitali akapigwe picha. Kwa mtoto jambo hili lina uzito zaidi, kwani mifupa yake ina sehemu laini za ukuaji ambazo zinaweza kuumia hata pale kano zinapobaki salama. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache nalo si la kuchezewa nyumbani.

Hata hivyo, kulala mwezi mzima ni kosa jingine. Maumivu yakianza kupungua, mgonjwa achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kisha ajaribu kusimama kwa ncha za vidole, na baadaye asimame kwa mguu ule mmoja anapopiga mswaki. Kano zikiumia, mguu hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuhisi umekaa vipi, na hapo ndipo kifundo kile kile hupinda tena na tena. Uvimbe kuisha si ruhusa ya kucheza: arudi atakapoweza kuruka kwa mguu huo peke yake, kukimbia na kukata kona bila maumivu.

Wapo pia wazazi wetu ambao kila goti linalouma wanaliita baridi yabisi, wakakaa kitini wakimeza vidonge vya maumivu mwezi hadi mwezi. Vidonge hivyo vikizidi huumiza tumbo na figo, ilhali goti lililochakaa husaidiwa zaidi na kutembea na kuimarisha misuli ya paja.

Kuhusu kinga, FIFA ilitoa mpango wa kupasha misuli moto uitwao 11+, wa dakika 20 hivi, na timu za soka zilizoufuata kwa utaratibu zimeonekana kupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Sisi bado tunazunguka uwanja mara mbili, kisha filimbi.

Ombi langu ni kwa waratibu wa michezo na walimu wakuu. Nilimrudisha binti yule kwa sababu nilijua Jumatatu nitaulizwa kwa nini tumefungwa, na nilijua hakuna atakayeniuliza kuhusu mguu wake. Mwalimu anayemweka nje mchezaji majeruhi asitakiwe kujieleza, na kila timu ipelekwe mashindanoni ikiwa na wachezaji wa akiba wa kutosha, bendeji, na mtu mzima aliyefundishwa huduma ya kwanza.

Mwalimu wa michezo,
Dodoma