Yah: Malalamiko juu ya vifuniko vya tairi mlivyoharibu na stadi mbili za tairi (vyuma vinavyofungiwa nati) zilizokatika zikafichwa

Kwa Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Jumanne ya wiki iliyopita nililileta kwenu gari-nyumba langu, Ford ya Marekani ya mwaka 1994, lile jeupe refu lenye tairi pacha nyuma, yaani mbili mbili kila upande, ya ndani na ya nje. Kazi niliyoagiza imeandikwa kwenye kadi yenu: kufungua vifuniko vya tairi zote nne za nje, kukagua breki na tairi za ndani za nyuma, kisha kurudisha. Ijumaa tulikuwa tunakwenda Mikumi na wajukuu. Nililipa shilingi 180,000 na risiti ninayo.

Nimeshafika mapokezi mara mbili, na mara zote nimejibiwa, "Mama, gari ni la zamani, vitu vyake vimechoka." Ndiyo maana naandika. Vilivyoharibika havikuchoka, vimevunjwa.

Vifuniko vile ni vya stenlesi, vya urembo. Kwa macho utadhani kila kimoja kimefungwa kwa nati nane, lakini nati za kweli zinazokishika ni mbili tu. Sita zilizobaki ni sanamu za nati, zimebandikwa kwenye kifuniko chenyewe wala hazizunguki. Ukilegeza zile mbili, kifuniko unakitoa kwa mikono. Tunaishi Kigamboni, upepo wa bahari unakula chuma, kwa hiyo marehemu mume wangu alikuwa akivifungua mara kwa mara kusafisha kutu nyuma yake. Zile nati mbili za kweli alizitia nukta ya rangi nyekundu ili mtu yeyote asipate shida. Soketi yake maalumu niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka kwenye kiti cha mbele, na kijana aliyepokea gari nilimwonyesha soketi na nukta, vyote viwili.

Gari liliporudi, soketi ilikuwa bado imefungwa kwenye kile kitambaa, na fundo ni lile lile nililolipiga mimi. Vifuniko vya nyuma vina alama za tindo ukingoni, cha kushoto kimepinda kama sahani iliyokanyagwa. Sanamu tatu za nati zimepondwa kwa spana ya tairi, maana yake mtu alilazimisha kufungua kitu kisichofunguka, na alipochoka akachukua nyundo.

Hilo la urembo ningeweza kulivumilia. Lililonikosesha usingizi ni lililokuwa chini ya kifuniko.

Ijumaa asubuhi tulipokaribia Kibaha nilisikia mlio upande wa nyuma kushoto, kama mtu anagonga sufuria, na harufu ya mpira unaoungua. Tuliegesha Maili Moja kwa fundi pancha mmoja kijana. Alichuchumaa, akauliza zile nukta nyekundu ni za nini, nikamweleza, akatumia soketi ile ile. Dakika chache kifuniko kiko chini. Ndipo tukaona: kati ya stadi nane, mbili zimekatika usawa wa ringi, na mkato wake bado unang'aa, haujashika hata vumbi. Chuma kilichokatika zamani haking'ai hivyo. Na kile kifuniko kilichopinda kilikuwa kimeegemea mpira wa valvu ya tairi ya ndani, upepo ukawa unavuja kidogo kidogo tangu tulipotoka nyumbani.

Wenye magari ya tairi pacha wanajua hatari yake. Tairi ya ndani ikiisha upepo huioni, kwa sababu ya nje inabeba uzito wote na gari linasimama wima kama kawaida. Ya nje inapata joto, mwisho inapasuka. Nilikuwa na watoto watano ndani, kwenye Barabara ya Morogoro, katikati ya malori na mabasi ya mikoani.

Yule kijana wa Kibaha alinieleza pia jinsi stadi zinavyokatika namna ile. Fuso na Canter nyingi za zamani, nati za tairi za upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Ford hii haiko hivyo, pande zote mbili unafungua kwa kuzungusha kushoto. Fundi aliyezoea Fuso akishika upande wa kushoto wa gari langu anadhani anafungua, kumbe anakaza. Akiona nati imegoma anaongeza bomba kwenye spana, anakaza zaidi, mpaka stadi inakatika. Namwelewa fundi huyo. Mkono umezoea, na gari kama hili hamlioni kila siku. Angenipigia simu akasema "mama, nimekosea, stadi mbili zimekatika," ningesikitika, safari ningeiahirisha, na leo tungekuwa tunazungumzia spea tu. Lakini mtu alizitazama stadi zile, akachukua kifuniko, akazifunika, akanikabidhi ufunguo na kunitakia safari njema. Hilo siwezi kulisamehe kwa kuambiwa gari ni la zamani.

Ninachotaka ni hiki. Mbadilishe stadi zote nane za gurudumu la nyuma kushoto kwa gharama yenu, siyo mbili tu, kwa kuwa hizo sita nazo zimevutwa kwa bomba lile lile na sina imani nazo. Mnirudishie shilingi 180,000. Mnilipe vifuniko viwili vya nyuma, au mvitafute vya kipimo hicho hicho. Na mniandikie barua yenye sahihi inayosema nani alifanya kazi hiyo na nani aliikagua kabla gari halijatoka getini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na risiti, kadi ya kazi, picha, na vipande viwili vya stadi ambavyo nimevihifadhi.

Gari liko nyumbani Kigamboni, limewekwa juu ya magogo, na sitaliendesha kuja kwenu. Fundi atakayekuja aje na mtu wa kukagua kazi yake. Soketi ipo, nitampa mimi mwenyewe mkononi.

Namba yangu ya simu mnayo kwenye kadi ya kazi.

Wenu,
Mteja wenu, Kigamboni.