Tusianze na kitanda namba moja: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: WODINI AHUDUMIWE KWANZA ALIYEZIDIWA

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 sasa, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la wodi yangu tu, na najua wauguzi wenzangu wakisoma watajiona humu.

Usiku tukishakabidhiana zamu, muuguzi anachukua toroli la dawa na kuanza kitanda namba moja. Anachoma sindano, anabadilisha dripu, anaandika, anasogea. Akiwa peke yake na wagonjwa 30, kitanda cha 26 atakifikia baada ya saa mbili. Ndivyo nilivyofanya usiku ambao kijana mmoja wa bodaboda, aliyelazwa kwa nimonia, alikaa kitako akishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, akiniita: "Sista... njoo... kidogo." Nikamwambia nakuja. Presha yake ya jioni ilikuwa 118 kwa 74, nikajipa moyo. Kwenye chati upumuaji uliandikwa 20, kama wa jirani yake, kama wa wodi nzima. Nilipomfikia nikahesabu dakika nzima: 38. Daktari alikuja, oksijeni ilipatikana, lakini tulikuwa tumechelewa. Hakuiona asubuhi.

Ile 20 kila muuguzi anaijua. Tunaiandika kwa sababu kuhesabu pumzi kunataka dakika kamili na mashine ya presha haikuhesabii. Lakini mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kubadilika. Mwili ukikosa oksijeni, au damu ikizidiwa na tindikali, mgonjwa hupumua mbio ili kufidia. Presha ya kijana mwenye nguvu inaweza kusimama vizuri muda mrefu, kisha ikaporomoka ghafla. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Katika kipimo cha tahadhari kilichotolewa Uingereza mwaka 2012, yaani jedwali la alama za kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, kufika mara 25 peke yake kunatosha kumwita daktari haraka, hata vipimo vingine vyote vikiwa sawa.

Jiji letu halikosi ujuzi huu. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na pale mlangoni mgonjwa hupangwa kwa uzito wa hali yake, si kwa aliyewahi kufika. Huku kwetu utaratibu huo unaishia kwenye korido. Mgonjwa akishapewa kitanda, anasubiri zamu ya namba yake.

Ninachokuomba ni agizo moja kwa wodi zote za mkoa. Kabla toroli halijaguswa, anayeondoka na anayeingia wapite pamoja kitanda kwa kitanda, watazame nani anahema, nani amechanganyikiwa, nani amelegea na kutokwa jasho la baridi, nani hajakojoa tangu mchana. Hao ndio waanze, na dawa za wengine zisogee nusu saa. Muuguzi akimpigia daktari wa zamu saa tisa usiku na kumtajia pumzi 30, aitikiwe. Wapo wenzangu waliokaripiwa kwa simu kama hiyo, na aliyekaripiwa mara mbili hupiga ya tatu akiwa amechelewa.

Idadi yetu nayo ni ndogo mno, hilo unalijua kuliko mimi na halitatatuliwa mwezi huu. Kutembea wodini kwa dakika 15 kunawezekana leo usiku.

Na saa za ukutani, Mganga Mkuu, zenye mshale wa sekunde. Wodi yangu haina. Pumzi za kijana yule nilizihesabu kwa simu niliyoazima kwa mgonjwa wa kitanda cha 25.

Wako katika utumishi,

Muuguzi, mkazi wa Tabata