Barua kwa Mama Neema kuhusu misuli baada ya mionzi

Area C,
Dodoma.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Kongwa. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba umemaliza tiba ya mionzi ya saratani ya titi kule Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, na umerejea nyumbani salama. Sikupendezwa, hata hivyo, na ushauri wa majirani kwamba sasa ukae kitako, usiguse ndoo wala mchi, hadi mwili upate nguvu wenyewe. Kwa kuwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ndiyo kazi yangu ya kila siku, nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana tayari yapo mambo mawili yanayodhoofisha misuli yako kwa wakati mmoja, na kukaa kitako kutaongeza la tatu.

Mionzi ililengwa kwenye titi na kwapa, lakini misuli ya kifua iliyo nyuma ya titi haikuweza kuikwepa kabisa. Unyuzi wa msuli uliokomaa haugawanyiki, kwa hiyo haudhuriki upesi kama ngozi. Ndiyo sababu ngozi yako imebabuka ilhali mkono bado unanyanyuka. Madhara ya msuli hujitokeza baada ya miezi, na pengine miaka. Kando ya kila unyuzi hukaa seli ndogo za akiba, ambazo mtafiti Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961, na kazi yake ni kuamka msuli unapoumia, kugawanyika na kuukarabati. Mionzi huzipunguza seli hizo, huharibu mishipa midogo ya damu, na mahali palipokuwa na nyama laini huanza kujengeka kovu gumu linalolivuta bega kuja mbele. Mgonjwa haoni jambo hili likitokea kwa siku moja. Huja kutambua kwamba hawezi kufunga kilemba bila kuinamisha kichwa, au kwamba zipu ya mgongoni siku hizi anafungiwa na binti yake.

La pili ni uzito, na hili nakwambia kwa sababu tumezoeana. Watu wakikutazama husema mwenye mwili mkubwa hawezi kukosa nguvu, lakini mizani haitofautishi mafuta na misuli. Unene unapozidi, mafuta hujipenyeza katikati ya nyuzi na hata ndani yake, na tishu za mafuta humwaga kemikali zinazoufanya mwili uwe kama unapambana na maradhi wakati wote. Msuli huo huacha kuitikia ipasavyo insulini, ile homoni inayouamuru uchukue sukari kutoka kwenye damu, na kwa kuwa misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, sukari hubaki ikizunguka katika damu. Hata hivyo, nakukataza kushinda njaa. Anayepungua kwa kujinyima chakula tu, bila mazoezi, hupoteza misuli pamoja na mafuta, na huweza kujikuta mwepesi kidogo lakini dhaifu zaidi.

Dawa ya yote mawili ni kuutumia msuli. Msuli unapojikunja, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa imezidiwa, na ukibebeshwa uzito, ujenzi wa protini ndani yake huongezeka kwa siku nzima au zaidi. Najua unaogopa mkono usije ukavimba; hofu hiyo nimeisikia kwa karibu kila mama aliyetibiwa titi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wanawake waliokwisha kuwa na uvimbe wa mkono, wakanyanyua uzito kidogo kidogo chini ya usimamizi, na uvimbe wao haukuongezeka kuliko wa wale wasionyanyua.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Usianze huko. Anza na dakika 10 za kutembea asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ukirudi, simama ukitazama ukuta, tambaza vidole vya mkono wa upande uliotibiwa kwenda juu hadi pale panapovuta bila kuuma, kisha upige alama kwa chaki, ili wiki ijayo uone kama umepanda. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika, mara kadhaa. Chupa ya maji ya lita 1 ina takriban kilo 1, nayo inatosha kwa mkono kwa sasa, tutaongeza taratibu.

Kuhusu chakula, ugali wa uwele na mlenda uendelee, ila mlenda peke yake hauwezi kujenga misuli. Utie karanga za kutwanga kwa kiasi, na kunde, mayai au maziwa yasikose.

Mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu au ukapata homa, acha mazoezi uende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kifua kikibana. Utakapokwenda kliniki, mwombe daktari akuandikie kiwango cha mionzi ulichopewa na kama bega liliguswa, unitumie karatasi hiyo pamoja na kipimo cha alama zako za ukutani, nami nitakupangia mazoezi ya mwezi unaofuata.

Wasalimie watoto na Baba Neema.

Rafiki yako,
Mama Baraka