Hukumu ya kifo inatugharimu kuliko kifungo cha maisha

Mhariri,

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha hapa Nairobi, hazipiti siku mbili kabla sijasikia, ndani ya matatu au kwenye kibanda cha chai, swali lile lile: kwa nini ushuru wetu umlishe mtu aliyetoa uhai wa mwenzake mpaka azeeke, ilhali kamba moja ingemaliza mambo? Wanaouliza hivyo si watu wabaya, na baadhi yao wamefiwa. Nilikuwa mkalimani mahakamani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nikitafsiri kesi za mauaji na za wizi wa mabavu, na ninaandika kuwaambia kwamba hesabu hiyo wameianzia mahali pasipostahili.

Chakula cha mfungwa ni ugali, maharagwe na sukuma wiki. Fedha nyingi hutoka kwingine. Anayeshtakiwa kwa mauaji hupelekwa kwanza kupimwa akili, hupewa wakili kwa gharama ya umma asipoweza kujilipia, kisha huitwa daktari aliyefanya upasuaji wa maiti, mtaalamu wa maabara ya serikali, na afisa wa upelelezi ambaye pengine amekwisha kuhamishiwa kaunti ya mbali. Shahidi mmoja akikosa kufika, kesi huahirishwa, na sote tuliokuwamo, kuanzia jaji hadi askari jela waliomleta mshtakiwa kwa lori kutoka rumande, tumelipwa kwa siku ambayo halikuandikwa neno. Ni kweli kwamba kesi ya mauaji ingekuwa ghali hata kama adhabu yake ya juu ingekuwa kifungo cha maisha. Lakini mtu anayekabiliwa na kitanzi hana sababu ya kukiri kosa, na akishahukumiwa hana sababu ya kuacha kukata rufaa hata ngazi moja.

Sitasahau kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabavu. Yeye na wenzake wawili walidaiwa kumnyang'anya mama muuza mboga simu na shilingi mia nane. Hakuna aliyekufa, lakini kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakihitaji mtu afe. Inatosha ukiwa na silaha hatari, au ukiwa na mwenzako, au ukimjeruhi mtu. Hakimu aliposoma hukumu ya kifo, nilimtafsiria kwa Kikamba, na yule kijana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lini?" Nikaitafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na hakuna aliyekuwa na jibu mle chumbani.

Hakuna aliyekuwa nalo kwa sababu Kenya haijamnyonga mtu yeyote kwa amri ya mahakama tangu mwaka 1987, waliponyongwa katika gereza la Kamiti waliopatikana na hatia ya uhaini katika jaribio la mapinduzi la 1982. Hata hivyo, hukumu zenyewe hazikukoma. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 kutoka kifo hadi kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Yaani katika miaka saba tu, vyumba vya waliohukumiwa kifo vilikuwa vimejaa tena. Disemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, na wafungwa wakaanza kurudi mahakamani kuomba wahukumiwe upya, hata waliofungwa kwa wizi wa mabavu, mpaka mahakama hiyo hiyo ilipofafanua mwaka 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Kila mmoja wao alikuwa na faili, wakili, lori na siku ya jaji. Tumelipia kesi ya kifo, kisha tukalipia kifungo cha maisha, kwa mtu yule yule.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kunyonga kweli. Waitazame California, kule Marekani. Mwaka 2011 Jaji Arthur Alarcón na Profesa Paula Mitchell walikadiria kwamba jimbo hilo lilikuwa limetumia takriban dola bilioni 4 kwa ajili ya adhabu ya kifo tangu 1978, na katika muda wote huo watu 13 tu ndio waliouawa. Hiyo ni karibu dola milioni 308 kwa kila mmoja. Fedha hizo zilikwenda kwenye kesi za hatua mbili, ya hatia na kisha ya adhabu, kwenye mawakili na wataalamu, kwenye rufaa za jimbo na za serikali kuu, na kwenye gereza la peke yake.

Na tukizifuta rufaa ili kuokoa fedha? Yule kijana wa Kikamba alikata rufaa. Ilipofika zamu ya kuchapa mwenendo wa kesi, kurasa za ushahidi wa mlalamishi hazikupatikana, na ikaamriwa kesi isikizwe upya. Yule mama alifunga kibanda chake mara ya pili ili aje kueleza yale yale, na safari hii alipoulizwa polepole alisema kwamba palikuwa na giza na kwamba uso hakuuona. Hakimu wa pili alimwachilia.

Nayapita mabango ya Kamiti mara kwa mara nikielekea nyumbani. Humo ndani wafungwa hutengeneza nambari za magari yanayojaa Thika Road, ilhali aliyehukumiwa kifo, kwa desturi ya miaka mingi, hakutumwa kazi. Alikaa tu akingoja.

Naliomba Bunge liviondoe vifungu vya kifo katika Kanuni ya Adhabu, likianza na kile cha wizi wa mabavu, na kabla ya mjadala huo liitake Idara ya Mahakama, Idara ya Magereza na ofisi ya mashtaka ziweke mezani gharama ya kesi moja ya kifo, kuanzia siku ya kukamatwa hadi rufaa ya mwisho, shilingi kwa shilingi.

Mkalimani mstaafu,
Kahawa West, Nairobi