Ndizi Hazivumbikwi Bila Tarehe

Mbarara, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote. Mama yako goti linamsumbua akipanda kile kilima cha kanisani, lakini mdomo mzima kama kawaida. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilimwita naye asikie ile sehemu ya ndizi, tukacheka hadi jirani akachungulia juu ya ua.

Yaani umelipa hela, ukakalishwa chini ya mti huko Stellenbosch, Afrika Kusini, ukamiminiwa mvinyo wa kulowesha ulimi tu kwenye glasi kubwa kama bakuli, kisha kijana wa shamba akakuambia: nusa taratibu, utasikia ndizi mbivu. Wewe! Mjukuu wa mzee anayevumbika ndizi tangu mama yako hajazaliwa.

Sibezi. Nilipenda ulivyonieleza kwamba hiyo zabibu ya Pinotage ilizaliwa hapohapo mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir kwa mzabibu mwingine waliouita Hermitage, na majina nayo yakaunganishwa. Na kwamba harufu hiyo hakuna anayeitia. Hamira yenyewe, mvinyo unapochacha, huzaa kitu kilekile kinachonukia ndani ya ndizi iliyoiva. Hapo nilinyamaza kidogo. Miaka yote hiyo kibanda cha babu yako kinanukia, kumbe kuna watu wamekaa chuo kikuu wakiisomea harufu yake.

Halafu ukauliza, tena kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu: "Baba, huko kwetu kuna kitu chochote cha namna hii, au niwapeleke tu Bwindi wakaone gorila?" Ukasema wenzako wawili wanataka mkodi gari mwendeshe wenyewe, bila dereva, bila wa kuwaongoza, kama mnavyozunguka mashamba ya huko wikendi.

Kwa swali hilo simu haitoshi. Nimetafuta kalamu.

Mizabibu ya kumwonyesha mgeni sina. Migomba ninayo, na barabara ninayo. Njia hiyo nimeikanyaga na lori miaka ishirini na mitatu, Mombasa hadi Kigali, mimi mtoto wa mpakani Malaba ambaye Kiswahili ndicho kilichompa kazi na kikampa hata mke, ingawa mke mwenyewe mwaka mzima wa kwanza alikuwa ananijibu kwa Kinyankole tu.

Mkitua Entebbe, msiingie Kampala. Gari la kukodi halina la kufanya Kampala ila kuzeeka kwenye foleni. Shikeni ile barabara ya kulipia, shilingi 5,000, mtokee Busega. Hapo njia ya Masaka imeshaanza. Tunaendesha kushoto kama huko, kwa hiyo hilo halitawasumbua. Watakaowasumbua ni madereva wa mabasi. Basi likikuwashia taa nyuma, lipishe, wala usimwangalie dereva usoni. Na chukueni gari lililoinuka kidogo, maana lami itawaacha kilomita chache kabla ya kwa babu, na ile murram nyekundu ikinyeshewa inateleza kama sabuni.

Kayabwe mtasimama kwenye mstari wa Ikweta mpige picha. Kuna vijana wenye mabeseni watawaonyesha maji yakizunguka huku hivi na kule vile. Wapeni chochote, wanajua kuigiza, ila msiwaamini. Kutoka hapo ni Lwera, matope na mafunjo pande zote mbili. Mei 2023 mafuriko yalilikata daraja la Katonga, magari yakawa yanazungukia Sembabule, na mimi nilishukuru nimestaafu. Mtaona samaki wamening'inizwa kando ya njia. Watu wa huku hununua wakamfunga mbele ya gari ili upepo umhifadhi hadi nyumbani. Gari si lenu, msijaribu. Lukaya kuleni gonja, ndizi ya kuchoma, Masaka piteni tu.

Mkishavuka Lyantonde nchi inafunguka, na karibu na Sanga mtawaona punda milia wanakula majani pamoja na ng'ombe wenye pembe ndefu kama matanga. Mpunguze mwendo, ng'ombe wa Ankole hajui honi. Usiku wa kwanza mnalala hapa kwetu. Asubuhi, saa moja ya kuendesha, mko Bushenyi kwa babu.

Sasa wenzako lazima uwaandae, kwa sababu watatafuta safu za mimea iliyofungwa kwenye nyaya, kama huko, na hawataiona. Shamba la babu yako kwa mgeni ni msitu. Lakini wewe unajua, au ulijua, kwamba mgomba wa matoke na mgomba wa pombe si mmoja, hata kama vinakaa bega kwa bega. Mchukue rafiki yako mmoja umpe kipande kidogo cha ndizi mbichi ya pombe, mbidde, atafune. Ule ukakasi utakaomkausha ulimi mpaka kwenye fizi ndio uleule mnaousifia kwenye mvinyo mwekundu. Babu yako hupima hivyohivyo: anakata, anaonja, anatema. Hapo tu ndipo kutema kunaruhusiwa, nitarudi kwenye jambo hilo.

Mikungu ikishakomaa haiachwi iivie mgombani. Anachimba shimo, anawasha ndani yake majani makavu mpaka udongo ushike joto, anatandika majani mabichi, anapanga ndizi zikiwa bado kijani, anafunika na kufukia. Siku tano jua likiwaka, sita au saba mvua ikinyesha. Akifukua mapema, ndizi hazitoi maji. Akichelewa, anapata uji. Hana saa wala kipimajoto. Ninachomwona akifanya ni kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaminya ndizi moja, akautoa mkono akaunusa. Nimemwona akifanya hivyo pengine mara mia, na siku zote uso wake unakuwa kama wa mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Kisha ule mtumbwi wa mti, ambao wewe ulikuwa unalala ndani yake mchana ukiwa mdogo. Ndizi zinamenywa, zinamwagwa humo pamoja na nyasi ndefu, na vijana wawili walionawa miguu hadi magotini wanaanza kukanyaga. Waganda hawakuficha kitu, pombe hiyo wanaiita mwenge bigere, pombe ya miguu. Waambie wenzako wasikunje nyuso, hata Ulaya zabibu zilikanyagwa hivyo karne nyingi. Nyasi ndizo zinazoshika nyama ya ndizi na kuachia maji. Mwanzoni ni rojo tu, unaona kazi imeshindikana, halafu ghafla, kati ya kisigino na kisigino, maji yanachuruzika yenye rangi ya asali. Hiyo ndiyo eshande. Inachujwa kwa kishungi cha nyasi kwenye mdomo wa kibuyu, na haina kilevi hata tone. Dereva anakunywa hiyo, na inatosha. Polisi wetu wana kile kifaa cha kupuliza, watu wamekibatiza kawunyemu, na usidhani kinakaa Kampala peke yake. Nani ataendesha siku hiyo, kubalianeni kabla hamjatoka Mbarara, maana mbele ya mtumbwi kila mtu huwa na sababu zake.

Ikishachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa majani, na unaachwa. Usiku ule ukilala karibu utasikia unanong'ona. Weka kiganja juu ya majani, yana joto kama paji la mtoto mwenye homa. Kesho yake au keshokutwa ni tonto, na siku chache baadaye imeshakuwa chungu. Ndiyo maana si rahisi kuikuta dukani ikiwa na lebo. Haingoji mtu wala haipendi safari.

Hilo la safari nililijifunza mimi. Mwaka 1999 nilikuwa narudi kutoka Kigali na shehena ya chai, nikapita nyumbani, mama yako akanipa jerikani la lita ishirini za tonto niwapelekee rafiki zangu wa Malaba. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa jani la mgomba lililosokotwa. Mimi nikaona ushamba, nikalitupa lile jani, nikaweka kifuniko, nikakikaza kwa nguvu zangu zote ili isimwagike hata kidogo. Kufika Lyantonde jerikani limevimba kama chura. Tanboi, utingo wangu, akaniambia, "Mzee, kitu kinalia." Nikamwambia akilegeze. Hakuwahi. Kifuniko kiligonga paa la kabini, na lita ishirini zikatuogesha mimi, yeye, viti, na bahasha ya karatasi za forodha iliyokuwa kwenye dashibodi. Jaribu kufika mpakani Malaba ukiwa unanuka hivyo, na hati za mzigo zimeshikana kama chapati. Tajiri alinikata nusu mshahara. Mama yako, badala ya pole, aliuliza swali moja tu: "Uliikaza?"

Kwa hiyo wenzako wakitaka kubeba kidogo, jani, si kifuniko. Na waragi wa kienyeji, ile pombe kali, msinunue njiani hata mkibembelezwa. Sheria ya enguli, yaani waragi huohuo, ilitungwa 1965, watu wanaendelea kupika gizani, na mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi uliochanganywa na methanoli. Tonto ni ya kunywewa inapotoka, mbele ya aliyeitengeneza.

Jambo jingine: shambani wasikate jani wala kitu kwa kisu chao. Unaukumbuka ugonjwa ule wa migomba, kiwotoka? Ulionekana Mukono mwaka 2001, na ulipofika kwetu babu yako aling'oa kayinja zake zote, migomba ya pombe iliyokuwa mizima kwa nje lakini ndizi ndani zimeoza. Kisu kikitoka mgomba mgonjwa kinaubeba kwenda mzima, na wadudu nao huubeba kupitia lile ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu. Sasa anazunguka na kijiti chenye panda, anaukamata ule moyo, anauzungusha, unakatika bila chuma kugusa. Akiwapa kijiti wajaribu, ujue amewapenda.

Kuna kitu nilikuwa nimeamua nisikiandike, nimekwenda kunywa chai, nimerudi, nakiandika. Ulipoingia sekondari ulijaza fomu mwenyewe kwa ule mwandiko wako mzuri, ukaniletea nitie sahihi. Kazi ya baba: dereva. Kazi ya mama: mkulima. Nilisoma, nikanyamaza, nikatia sahihi. Ada ya muhula ule ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, noti za elfu moja moja zilizonata, kwa sababu mama yako alikuwa anapokea pesa kwa mkono uleule unaochota tonto. Bursar, mhasibu wa shule, alizihesabu kwa ncha za vidole. Mimi ndiye niliyezipeleka, na mimi pia nilipoulizwa nilisema ni za ndizi. Kwa hiyo hatudaiani, mimi na wewe. Lakini mama yako niliposema naandika barua hii aliniuliza kama wenzako watajua kwamba pombe ilikuwa biashara yake, au utawaambia ni ya babu. Sikumjibu. Nimeliacha swali lake hapa ulikute.

Uliniambia mavuno ya huko huanza mwishoni mwa Januari na utatakiwa uwe umerudi. Basi njooni mwanzoni mwa Januari, mvua zimepungua na watu wa Krismasi wameshatoka barabarani. Migomba haina msimu kama mizabibu, kila mwezi kuna mkungu uliokomaa. Ila nataka tarehe kamili ya kufika Bushenyi. "Wiki ya kwanza" haitoshi. Tukivumbika kwa wiki ya kwanza halafu ndege ikachelewa siku mbili, mtakuta uji.

Babu yako ameshauliza mara mbili. Mkungu ameshauchagua, upo nyuma ya kile choo cha zamani, ameufunga kamba nyekundu mtu asiukate.

Ni mimi,
Baba yako

Nimesahau lile la kutema. Mama yako alisikia kwamba huko mnaonja mvinyo mnautema kwenye ndoo, akaketi chini. Anasema gambuti mtazikuta hapa, na kwamba asije akamwona mtu anatema.