Mama, ghorofa ya juu isubiri

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Mimi huku ugenini sijambo, alhamdulillah, hata mgongo umetulia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu tukianza kuongea hazipiti dakika mbili nishaulizia fundi na saruji, na safari hii sitaki kuulizia saruji. Dada akusomee polepole, na mdogo wangu anayesimamia ujenzi wa nyumba yetu awepo, maana nusu ya maneno yanamhusu yeye.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naswali Alasiri pale ghalani tunapofanya kazi, kwenye kona nyuma ya maboksi, mswala nimeutandika juu ya kadibodi. Rakaa ya pili simu ikatetemeka mfukoni. Nikajua ni picha za madirisha, kwa kuwa mdogo wangu alisema angezituma siku ile. Kuanzia hapo mwili ulirukuu na kusujudu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nyumbani kwetu napanda ngazi: dirisha la chumba chako limetazama wapi, wavu wa mbu unakaa ndani au nje, vyuma vipakwe nyeusi au kahawia. Nilipokaa sikujua nimeswali rakaa tatu au nne. Nikashika yakini, tatu, kama tulivyofundishwa madrasa, nikaongeza moja, nikaleta sijda ya kusahau, nikatoa salamu. Na kabla sijasema hata astaghfirullah moja, Mama, mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Usiku ule nilikumbuka kisa cha sahaba Abu Talha, alichokipokea Imam Malik. Abu Talha alikuwa akiswali kwenye bustani yake, ndege akaruka huku na huku akitafuta pa kutokea asipaone kwa jinsi miti ilivyosongamana. Abu Talha akapendezwa, akamfuata ndege kwa macho. Aliporudisha moyo kwenye swala hakujua ameswali rakaa ngapi. Akasema mali yake hii imemtia katika fitina, yaani mtihani, akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akamweleza, akaitoa bustani nzima sadaka.

Nimekisikia kisa hiki tangu mdogo na siku zote nilidhani kinahusu ukarimu. Sasa nakiona kwa jicho jingine. Bustani ile ilikuwa halali, na kumtazama ndege si dhambi. Alichoogopa Abu Talha ni kugundua kwamba kuna kitu kinaweza kumtoa mbele ya Mola wake bila hata kumwomba ruhusa. Ndege wangu mimi namtembeza mfukoni.

Hata Mtume wetu mwenyewe hakulihesabu jambo hili kuwa dogo. Mkewe, Bibi Aisha, anasimulia kwamba aliswali akiwa amevaa shuka lenye nakshi, akazitupia jicho mara moja tu. Alipomaliza akasema lipelekwe kwa sahaba wake Abu Jahm, na yeye aletewe la Abu Jahm lisilo na mapambo, kwa sababu lile lilimshughulisha katika swala yake. Jicho moja tu, Mama! Nikajipima mimi na zile picha zangu.

Kisha nikaifungua Suratut Tawba, aya ya 24, nikakaa nayo siku kadhaa. Mwenyezi Mungu anavitaja humo vitu vinane: baba, watoto, ndugu, wake, jamaa, mali tuliyoichuma, biashara tunayoogopa isiharibike, na majumba tunayoyapenda. Anasema vikiwa vipenzi zaidi kwetu kuliko Yeye na Mtume wake na kupigania njia yake, basi tungoje mpaka alete amri yake. Nilirudia kuhesabu nikitafuta haramu moja humo. Hakuna. Hakutaja pombe wala wizi wala kamari. Ametaja watu na vitu ambavyo kila mmoja wetu angevipigania na kujisifu navyo. Maneno yale, «majumba mnayoyapenda», nilihisi yamekuja ghalani kunitafuta.

Sasa niseme lililo zito. Miaka yote hii nikiulizwa mbona sionekani msikitini, jibu langu lilikuwa moja: nawatafutia mama yangu na watoto. Nani atamlaumu mtu kwa hilo? Nimeikosa Ijumaa miezi 11 mfululizo, Mama, kwa sababu zamu ya pili ya siku hiyo ina malipo ya ziada. Alfajiri nikiiswali, naiswali jua limeshatoka, kwa uchovu. Na kila mara nawataja nyinyi. Lakini ukweli ni kwamba wewe hukuniomba ghorofa. Uliniomba chumba kisichovuja na bafu lililo karibu. Ghorofa niliitaka mimi, ili siku nikirudi watu wainue vichwa kuitazama. Nimejificha nyuma yako, nikalifanya jina lako ngao ya matamanio yangu. Naomba unisamehe.

Kuna jambo sikukwambia mwaka jana kwa kuogopa kukutia wasiwasi. Ndugu mmoja tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja alifariki ghafla. Sisi wenzake ndio tuliopanga vitu vyake ili virudishwe kwao. Sandukuni mlikuwa na nguo chache, bahasha iliyojaa risiti za mabati na nondo, na funguo tano kwenye kamba moja, mpya, bado zina mafuta ya dukani. Tulipowapigia simu watu wake wakatuambia ni za nyumba yake. Aliomba apelekewe tu ili awe nazo. Hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Sisemi alikosea, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa swala za jamaa kuliko mimi. Ila zile funguo nilizishika mkononi kwa muda mrefu. Mtume (s.a.w.) alisema maiti hufuatwa na vitatu, watu wake, mali yake na amali zake, viwili hurudi, kimoja hubaki naye. Yeye watu wake na mali yake havikumfikisha hata kaburini, vilikuwa mbali. Tulimzika sisi wageni, na amali zake.

Nimelitaja neno mgeni, na hapa ndipo nilipoielewa hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Bukhari. Anasema Mtume alimshika bega akamwambia: kuwa duniani kama mgeni au mpita njia. Nilipofika huku nilikuwa na begi moja. Mwaka wa kwanza kila nilichotaka kununua nilijiuliza kwanza, hiki nitakibebaje siku ya kuondoka? Vingi nikaviacha dukani, wala sikuhisi kunyimwa, kwa sababu moyo ulijua kwao ni wapi. Siku hizi sijiulizi tena. Nadhani Mtume alimaanisha swali lile lile, ila safari yenyewe ni nyingine.

Dada najua ataanza kuhofu kwamba nataka kuacha kazi niende kukaa itikafu, kujifungia msikitini kwa ibada, maisha yangu yote. La, dada. Imam Ghazali mwenyewe, yule mwanachuoni mkubwa, alipoacha ualimu wake mkubwa Baghdad mwaka 1095 na kugawa mali yake, alibakisha ya kuwatosha watoto wake. Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas alipougua akataka kuusia mali yake yote, Mtume alimzuia mpaka theluthi, akamwambia hata theluthi ni nyingi. Kuwaacha warithi wako wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Aya ya 10 ya Suratul Jumua inatuambia swala ikiisha tutawanyike tukatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Mimi nilikuwa nimeishika hiyo ya 10 nikaiacha ya 9, ile inayosema mkisikia wito wa Ijumaa acheni biashara.

Basi nilivyoamua ni hivi. Zamu ya pili ya Ijumaa nimeirudisha; msimamizi hakufurahi, lakini alikubali. Fedha zitapungua kuanzia mwezi ujao. Dawa zako, Mama, na ada za watoto hazitaguswa hata senti. Zile nilizokuwa nimeziweka kando kwa ajili ya ghorofa zimetimiza mwaka na zimefika nisabu, kile kiwango kinachowajibisha zaka, na nilikuwa nakwepa zaka yake nikijiambia hizi ni za ujenzi. Nimepiga hesabu, 2.5 kwa kila 100, nimeitoa jana. Sehemu imekuja kwa dada: ampe yule jirani mjane, bila kutaja imetoka kwa nani.

Na wewe mdogo wangu, waambie mafundi wamalize chumba cha Mama, bafu na paa. Nondo za juu zisinunuliwe. Kama ghorofa itakuja, itakuja kwa wakati wake, na isipokuja sitaki niulizwe juu yake. Picha usiache kunitumia, napenda kuziona, ila tuma usiku. Nitazifungua nikishaswali Isha. Simu siku hizi naiacha kwenye kabati la nguo za kazi kabla ya kutawadha. Siku mbili za kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe.

Mama, kuna dua ya Mtume inayoomba Mwenyezi Mungu asiifanye dunia kuwa hamu yetu kubwa kuliko zote wala kikomo cha elimu yetu. Niombee kwa hiyo ukiamka usiku, maana najijua, naweza kurudi nilikotoka dirisha moja tu likinivutia.

Ijumaa hii nitapiga simu nikitoka msikitini. Na unisamehe kwa simu zote zile nilizokuuliza nyumba imefikia wapi kabla sijakuuliza umeamkaje.

Mwanao akupendaye