Komati walizima mtambo kwanza, kazi wakaziacha baadae

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu Afrika Kusini na makaa ya mawe, naona kuna jambo kubwa mmelipita mbio. Mmeandika kama vile nchi ile ni kaidi tu, inang'ang'ania makaa wakati wenzake wanahamia kwenye jua na upepo. Ni kweli karibu asilimia 80 ya umeme wao bado unatoka kwenye makaa, na kule Mpumalanga ambako mitambo mingi ipo hewa ni chafu mpaka Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2022 ikasema inavunja haki ya kikatiba ya wakazi. Hilo sibishi hata kidogo, watoto wa kule wanaumwa vifua.

Lakini mbona mtambo wa makaa wa Komati hamkuutaja? Mtambo ule ulianza kazi 1961, ukazimwa kabisa tarehe 31 Oktoba 2022, na Benki ya Dunia ikapitisha dola milioni 497 za kupageuza pawe pa sola, upepo na betri siku chache baadae, yani moto umeshazimwa ndo hela inaidhinishwa! Wafanyakazi wa Eskom, shirika la umeme la kule, wenyewe wengi walihamishiwa mitambo mingine, sawa, ila vibarua wa makandarasi, kina mama waliokuwa wanawapikia, wenye vyumba vya kupangisha, hao nani aliwahamisha? Kijiji kizima kilikuwa kinakula kupitia mtambo ule.

Na kibaya zaidi ilifanyika wakati nchi iko gizani. Mgao wa 2023 ndo ulikuwa mkali kuliko yote waliyowahi kupata, sasa mtu amekaa bila umeme masaa na masaa anasikia serikali inafunga mtambo, unategemea aipende sola? Ukweli ni kwamba Komati ilikuwa imebakiwa na mashine moja tu, mgao ulikuwa unaletwa na kuharibika kwa mitambo mingine ya makaa, ikiwemo mipya mikubwa, Medupi mashine moja ililipuka Agosti 2021, Kusile bomba la moshi likaporomoka Oktoba 2022. Ila nani aliwaeleza wananchi hivyo kwa lugha ya kueleweka? Wenye uwezo wakajifungia paneli juu ya mabati, wasio nazo wakabaki na hasira, na hasira hiyo ndo wanasiasa wa makaa wanaitumia mpaka leo.

Mitambo mingine ya makaa, Camden, Hendrina na Grootvlei, ilikuwa kwenye foleni ya kufungwa, Eskom ikaisogeza mpaka 2030. Naomba mkirudi kwenye habari hii msiishie kuuliza kwa nini wamechelewesha, ulizeni vibarua wa mitambo hiyo mitatu wameshaanza kufundishwa kazi gani, nani anawalipa wakiwa mafunzoni, na kiwanda gani kinajengwa jirani na wanapoishi, maana 2030 hiyo iko mlangoni.

Msomaji wenu, Dar es Salaam